Kukabwa kwa Hiari: Mwongozo wa Mgeni wa Jiu-jitsu

Kupigwa kabali ni huduma ambayo mkazi wa Dar es Salaam huipata bila malipo, usiku, kwenye uchochoro wowote usio na taa. Inakuwaje basi watu wazima wenye kazi zao, wengine na wajukuu, watoe ada ya kila mwezi ili wakabwe jioni baada ya jioni, kisha wampe mkono mkabaji na kumshukuru? Swali hilo usiliulize ukiwa mlangoni. Utajibiwa, "Karibu, kipindi cha kwanza ni bure," na hapo utakuwa umeshanasa.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyealikwa na mfanyakazi mwenzako, yule aliyepungua tumbo ghafla na siku hizi anaingia mkutanoni na plasta kwenye vidole. Alikwambia ni mazoezi tu. Alikwambia pia kwamba nguvu si kitu, na wewe ukacheka kimoyomoyo, maana unabeba vyuma.

Ukumbi wenyewe hautakutisha. Mara nyingi ni chumba cha ghorofani juu ya duka: mikeka ya sponji iliyounganishwa, feni mbili ambazo moja inazunguka, na ukutani picha ya mzee wa Kibrazili, mwembamba, mwenye nguo nyeupe. Vua ndala ukingoni mwa mkeka, na ukienda msalani zivae tena. Kumuumiza mtu kutasamehewa. Kwenda chooni peku na kurudi mkekani hakusahauliki. Kata kucha. Ukiwa na choa, baki nyumbani, kwa sababu choa cha mtu mmoja kikipata mkeka wiki ya kwanza, wiki ya pili ni cha wote, na hapo kila mtu atakumbuka nani alikuwa anajikuna.

Utaazimwa gi, yaani koti zito la pamba, suruali na mkanda. Limebuniwa Japani, nchi inakoanguka theluji, nawe utalivaa Februari, feni ikiwa upande wa pili. Siku ukinunua lako, lifue usiku uleule. Masika ikishaingia halikauki. Litaning'inia barazani hadi jirani aulize kwa heshima kama umepata kazi ya upishi hotelini.

Kabla hujaguswa utasimuliwa historia, uombe usiombe. Kwa ufupi: Jigoro Kano alianzisha judo Tokyo mwaka 1882. Mwanafunzi wa shule yake, Mitsuyo Maeda, alizunguka dunia akipambana na kila aliyejitokeza, akafika Brazil mwaka 1914 na hatimaye akaweka makazi Belém, karibu na mdomo wa mto Amazon. Huko alimfundisha kijana Carlos Gracie. Mdogo wake Carlos, Hélio, ndiye yule wa pichani. Familia hiyo ikaendeleza kazi ya chini, ya kukaba na kupinda viungo, ambayo ndiyo jiu-jitsu hii, na Novemba 1993 mtoto wa Hélio, Royce, mwenye kilo kama 80, aliingia kwenye mashindano ya kwanza ya mapigano ya UFC kule Denver akawashinda watatu usiku mmoja bila kumvunja mtu pua. Msimulizi akifika hapo sauti yake hubadilika. Tikisa kichwa tu. Ukisema ulidhani ni karate, mtachelewa kuanza.

Jambo la kwanza litakalokuchanganya ni mgongo. Katika mieleka ya shuleni, aliyegusa mchanga kwa mgongo ameshindwa na kengele ya darasa inamwokoa. Huku mtu hujilaza chali mwenyewe, akakuzungushia miguu kiunoni, akakutazama kwa utulivu. Hiyo ni gadi. Usimwonee huruma. Ukidhani umemkalia, ujue ameshakamata mkono wako na kola yako, na swali lililobaki ni lipi kati ya hayo mawili litakalokuuma kwanza.

Sasa tuje kwenye kugonga, maana mengine yote ukiyasahau hutapoteza kitu. Ukibanwa, unagonga mwili wa mwenzako kwa kiganja, mara mbili au tatu, naye anaachia papo hapo. Mikono ikinaswa, gonga mkeka kwa mguu. Miguu ikinaswa pia, sema "nimegonga," kwa sauti. Ni rahisi, na mtoto wa miaka sita hujua kufanya hivyo siku ya kwanza. Mwanamume wa mjini mwenye miaka 34, aliyepandishwa cheo mwezi uliopita, humchukua muda mrefu, kwa kuwa amefundishwa mambo mengi maishani ila kushindwa kwa sauti mbele za watu hakumo. Hivyo atanyamaza. Atawaza kwamba labda mkono utachomoka. Atakumbuka filamu.

Mwili haungoji mawazo hayo. Kabali nzuri haizibi pumzi. Inabana mishipa mikubwa ya damu iliyo pande mbili za shingo, na mtu huzimika ndani ya sekunde kumi hivi, pengine upesi zaidi, bila maumivu ya kumwonya. Atakapozinduka, miguu yake ikiwa imeinuliwa na watu wamemzunguka, atataka raundi iendelee na ataapa kwamba hakuzimika. Mwache aape, ila asiendelee. Kupinda kisigino ni kubaya zaidi, kwa sababu kisigino chenyewe hakiumi: kano za goti hukatika kwanza, maumivu hufuata baadaye na bili ya hospitali. Huko unagonga mguu ukishashikwa tu, bila kungoja kusikia chochote.

Na usiseme hata Hélio hakugonga, ingawa ni kweli. Mwaka 1951, katika uwanja wa Maracanã, Hélio Gracie alipambana na Masahiko Kimura, Mjapani wa judo aliyemzidi uzito kwa mbali. Kimura akaupinda mkono wa Hélio nyuma ya mgongo hadi ukavunjika. Hélio akakataa kugonga. Carlos ndiye aliyetupa taulo kwa niaba ya ndugu yake. Tangu hapo mpindo ule unaitwa kimura, kwa jina la aliyeuvunja mkono. Watu huisimulia hadithi hii kwa fahari, nami huwatazama viwiko. Wenye viwiko vizima waligonga.

Kuhusu wenzako. Yule wa mkanda mweusi usimwogope. Amekaa humu miaka kumi au zaidi, ameshakaba watu wa kutosha, na wewe hutamuumiza wala yeye hatakuumiza. Atakupeleka anakotaka kwa upole, akikuuliza unafanya kazi wapi. Wa kumwogopa ni mkanda mweupe mwenzako aliyeanza mwezi jana, mwenye mabega, anayepumua kwa mdomo. Huyo hana nia mbaya. Hana nia yoyote. Kiwiko chake kinajitafutia njia, na njia hupita puani mwako. Akikwambia "tucheze taratibu tu, kaka," tafuta kinga ya meno.

Kuna pia binti wa chuo, kilo zisizofika 55, mkanda wa bluu. Utapangwa naye, na utafanya moja ya makosa mawili: kujilegeza kwa uungwana, au kujikaza ili usiaibike. Yote mawili humalizikia mgongoni kwako, yeye akiwa amekutia miguu kiunoni na mkono chini ya kidevu. Ukigonga, ataachia na kukuelekeza ulipokosea. Msikilize. Kupata mkanda huo huchukua mwaka mmoja hadi miwili, na mwingine wa zambarau hauji bila angalau miaka miwili mbele yake, kwa kanuni za shirikisho la kimataifa. Huyu hana haraka, wewe ndiye mwenye haraka.

Halafu kuna mzee. Kila jimu inaye. Mvi, mkanda wa kahawia uliochakaa ncha, goti moja limefungwa bandeji. Adabu inakutaka umwamkie, nawe utasema shikamoo, naye ataitika marahaba, atauliza habari za wazazi, atakusifu kwa kuja. Kengele ikilia atakushika kola kwa vidole viwili na dunia itaanza kupungua. Usijisumbue na swali la kama ni adabu kumkaba mtu uliyemwamkia. Halitajitokeza. Mzee hakimbii, hasukumi, hata jasho halimtoki vizuri. Analala tu juu ya mbavu zako mahali ambapo uzito unauma, akisubiri ufanye jambo la kijinga. Utalifanya.

(Yupo na mtazama video. Juzi ameona mbinu mpya ya miguu kwenye simu na anatafuta mtu wa kumjaribia. Uwe na shughuli ya kufunga mkanda mpaka apate mwingine.)

Kesho yake usipange kikao. Vidole havitafungua chupa ya maji, na kushuka daladala kutahitaji mikono miwili na uvumilivu wa konda. Sikio likiwasha na kuvimba, mwone daktari mapema: damu imekusanyika kati ya ngozi na gegedu, na isipotolewa huganda na kukuachia andazi la kudumu, ambalo wenye nalo hujifanya halikuwakera. La hatari zaidi ni alama shingoni, nyekundu, zenye umbo la kutatanisha. Ukiwa na mke au mume, mweleze kabla hajaziona. Maelezo ya baadaye, kwamba uliwekwa chini na mwanamume wa makamo kwa dakika tano na ilikuwa kwa idhini yako, ni ya kweli kabisa na hayajawahi kumsaidia mtu.

Hayo yote utakuwa umeyasikia, na bado mwisho wa kipindi utajikuta umekaa ukutani, umelowa, unacheka na watu usiowajua majina, ambao wote wamekukaba. Hapo ndipo mweka hazina huja. Huwa ni yule mzee. Hatakubana safari hii. Atataja ada tu, na namba ya M-Pesa iliyoandikwa ukutani chini ya picha ya Hélio. Vidole vitakuwa vinatetemeka, kwa hiyo bonyeza polepole, maana ukikosea namba ya siri mara tatu akaunti itafungwa na utalazimika kurudi Alhamisi kulipa kwa mkono. Wanaorudi Alhamisi hupangiwa raundi.