Kesi Tisa za Luzira: Kukaa Penye Miti, Tukihesabu Kinyumenyume

Muulize mtu wa Dar mtaa wenye miti na nyumba za zamani, atakwambia Oysterbay. Wa Nairobi atataja Lavington huku akikutazama kwa huruma. Wa Kampala atanyoosha kidole kuelekea Kololo. Hakuna atakayetaja Luzira, na ndiyo maana kodi ya huku bado inalipika.

Basi leo tunaiweka Luzira kizimbani: mteremko ule wa kusini-mashariki mwa Kampala unaoshuka mpaka Ziwa Viktoria, wenye miembe iliyowazidi umri wenye nyumba. Faida na hasara zote zimepangwa kwa uzito, kuanzia ya tisa hadi ya kwanza. Mwendesha mashtaka ni mimi, wakili wa utetezi ni mimi, hakimu pia ni mimi. Ukiona nimependelea, umeona vizuri.

9. Ndege wasio na adabu

Ukipenda miti umependa na wakaao juu yake. Kwarara, yule mwenye mdomo mrefu uliopinda, huanza fujo yake kabla muadhini hajasafisha koo. Wala usidhani anaimba. Analalamika, na akishamaliza mwenzake wa mti wa pili anamjibu. Halafu yupo kaloli, korongo mwenye kipara na mfuko shingoni, anayesimama mchana kutwa kwenye tawi la juu kama wakili aliyedhulumiwa malipo yake. Kampala nzima inao, lakini sisi tumewapa na makazi.

Hukumu: kwarara kifungo cha nje, kwa kuwa ametuokolea gharama ya kununua saa ya kengele. Kaloli alipe faini kwa kila shuka iliyoanikwa.

8. Matunda yanayoshuka yenyewe

Mwembe, mparachichi na mfenesi uani: nani atakataa? Mwenye gari atakataa. Embe likianguka juu ya bati usiku wa manane unaamka ukitafuta panga. Parachichi nalo linakuachia alama ya mafuta kwenye boneti. Fenesi haliachi alama, linaacha kesi ya bima, maana tunda moja linaweza kupita kilo 20 na halipigi honi. Mgeni wa Luzira utamjua kwa sehemu anayoegesha. Mwenyeji hutazama juu kwanza, ndipo atazame nyuma.

Na usisahau siasa ya fenesi lenyewe. Likiiva, mtaa mzima unajua kwa harufu, na ghafla una ndugu ambao hukuwahi kuwasikia.

Hukumu: hana hatia. Ila mfenesi usogezwe, au wewe usogee.

7. Harufu ya kimea

Upepo ukigeuka kutoka Port Bell, unakuletea uji mtamu usiounywa. Ni kiwanda cha Uganda Breweries, kilichoanzishwa mwaka 1946, na humo ndimo inamotoka bia ya Bell pamoja na Uganda Waragi. Bia ilipewa jina la bandari, na bandari ilipewa jina la Hesketh Bell, mtawala wa Kiingereza aliyekuja Uganda mwaka 1906. Alikaa miaka michache tu, lakini jina lake linaagizwa baridi kila jioni, tena na watu wasiotaka kabisa kusikia habari za ukoloni.

Wanaokaa karibu na viwanda vya ngozi mnisamehe, huku tunalalamikia harufu ya bia.

Hukumu: aachiwe huru, na mlalamikaji apimwe pombe.

6. Nyumba ya zama za mkoloni

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu hugombana.

Nyumba za miaka ya 1940 na 1950 zilijengwa na watu walioliogopa jua. Paa linatokeza mbele, ukuta mnene, baraza pana, kiwanja ambacho leo kingebeba familia nane. Mchana wa Februari unaingia ndani na kusikia ubaridi bila feni. Hiyo ndiyo sifa. Sasa sogea dirishani. Ni vile vioo vya vipande vipande vinavyofunguka kwa mkono wa chuma, na mkono umeshika kutu tangu mpangaji aliyepita. Kipande cha tatu kutoka juu hakipo, pamewekwa boksi la biskuti. Nyuma ya kabati kuna soketi ya matundu ya mviringo ambayo hakuna plagi inayoiingia tena, na hakuna fundi anayekubali kuigusa. Mlango unafunguka vizuri kiangazi, masika unajifunga wenyewe. Mchwa hawalipi kodi, na ndio wanaokijua chumba cha stoo kuliko wewe.

Na kile kiwanja kipana? Mwenye nyumba alishakiona. Nusu ya bustani sasa ni safu ya vyumba vya kupanga, ile tunayoiita mizigo, na baraza lako linatazamana na nguo za ndani za watu sita.

Hata hivyo, jilinganishe. Ernst May, msanifu aliyeijengea Frankfurt mitaa yake mipya, ndiye aliyechora mpango wa Kololo na Naguru kati ya 1945 na 1947, na ndani yake akaacha nafasi kwa vilima na kijani vipumue. Leo ukipita Kololo unahesabu maghorofa. Nyumba za wafanyakazi za Naguru na Nakawa nazo zilivunjwa mwaka 2011 ili kupisha mji mpya wa kisasa, na kwa miaka mingi baada ya hapo sehemu kubwa ya eneo ilistawi majani. Miti ilikatwa kupisha magugu! Sisi angalau boksi letu la biskuti bado liko dirishani.

Hukumu: ana hatia ya uzee. Adhabu yake ni kuendelea kusimama.

5. Barabara moja

Barabara ya Port Bell ndiyo ya kuingilia na ndiyo ya kutokea. Jioni ikifungana Kitintale, unaweza kuanza na kumaliza urafiki na abiria mwenzako ndani ya taksi kabla hamjafika stendi. Boda boda atakupitisha kwa gharama ya magoti yako. Reli ipo, inapita hapo hapo, lakini ilijengwa kwa ajili ya mizigo ya bandarini na wewe hukuhesabiwa humo.

Usidhani majini ni nafuu. Mei 2005 meli mbili za Uganda, Kabalega na Kaawa, ziligongana ziwani na Kabalega ikazama. Ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na meli za nchi moja zikakosa pa kupishana.

Hukumu: kifungo cha saa mbili, kinatumikiwa kila siku ya kazi.

4. Ziwa

Watu wa Ntinda, rukeni hapa msije mkaumia. Sisi tuna ziwa. Tuna upepo wa jioni, sangara wa kukaanga, na machweo ya bure.

Sasa hasara. Kuna siku usubi hutoka majini kwa mawingu, moshi mtupu ukiuona kwa mbali, na ukiwasha taa ya barazani umewaalika wote. Hawaumi. Wanaingia tu: machoni, kwenye chai, katikati ya sentensi. Miti nayo inawapa mahali pa kulala ili kesho waanze mapema.

Kisha kuna tabia ya ziwa kurudia viwanja vyake. Mvua za mwishoni mwa 1961 zililipandisha zaidi ya mita mbili kufikia 1964, na waliokuwa wamejenga ufukweni wakapata bwawa la kuogelea wasilolilipia. Mwaka 2020 likapanda tena. Aprili mwaka huo huo kisiwa cha nyasi kinachoelea kilikwenda kuziba mitambo ya umeme huko Jinja, na nchi nzima ikazimika. Sheria inataka mita 200 kutoka ufukweni ziachwe wazi. Ziwa linaiheshimu sheria hiyo kuliko wajenzi.

Na jambo moja Kampala hailisemi: maji machafu ya jiji yanashuka kwa mfereji wa Nakivubo, yanapita kwenye kinamasi kilicho jirani yetu, kati ya matete na mashamba ya majimbi, ndipo yanaingia ghuba ile ile ambayo Ggaba inachota maji ya kunywa. Kwa hiyo wewe uliyeko Muyenga unayetucheka, kinamasi chetu ndicho chujio lako. Karibu tena, na glasi yako mkononi.

Hukumu: kesi imeahirishwa, shahidi amefurika.

3. Jirani mwenye ukuta mrefu

Ndiyo, gereza. Limekuwa hapo tangu miaka ya 1920 na haliendi popote leo usiku. Watu hudhani kukaa karibu na gereza kuu la nchi ni hatari. Fikiri kidogo: mwizi gani mwenye akili anakuja kuiba kwenye mtaa ambao nusu ya wapangaji ni askari magereza? Anajipunguzia nauli ya kwenda jela?

Kuna faida nyingine ambayo msomaji wa Kiswahili ataipenda. Uganda, Kiswahili kiliishi zaidi kwa jeshi, polisi na magereza, na mpaka leo ukimsalimia muuza duka wa kitongoji kingine kwa Kiswahili sanifu anaweza kudhani umekuja kumkamata. Wa Luzira anakujibu "nzuri, afande" na kukupa chenji yako.

Ndani ya kuta kuna mambo pia. Wafungwa wa sehemu ya gereza iitwayo Upper wana chama chao cha mpira chenye katiba na ligi, na timu zimejipa majina ya klabu za Ulaya: Manchester United ipo, hata Hannover 96 ipo. Ni Manchester United pekee duniani ambayo mchezaji hahami bila ridhaa ya mahakama. Na mwaka 1929, wafungwa wakisawazisha ardhi ya gereza, walifukua vipande vya sanamu ya udongo ya kale, kichwa chenye uso wa kustaajabisha. Kiko London, British Museum, kwa jina la Luzira. Ndiye mkazi wa kwanza wa mtaa huu kupelekwa nje ya nchi, na hajawahi kutuma hata salamu.

Hukumu: jirani mwema. Havumishi muziki, hana mbwa wanaozurura, na hajawahi kukopa sukari.

2. Jina

Ukijaza fomu ya benki na kuandika "Luzira" mahali pa makazi, karani anainua kichwa. Ukimwambia shemeji wa Mbarara kwamba umehamia Luzira, anauliza umepewa miaka mingapi. Mwenye teksi ya mtandaoni anakuuliza kama unakwenda kuona mtu. Mialiko ya harusi ndiyo mibaya zaidi, maana wageni wa upande wa pili hukaa wakinong'ona mpaka keki inakatwa.

Tena hakuna pa kukimbilia. Ukisema "Port Bell" unaonekana mlevi. Ukisema "karibu na Butabika", hospitali kubwa ya afya ya akili ya nchi, wanakupa pole. Wenye aibu hujiita watu wa Bugolobi, na ukiwafuata mpaka nyumbani unakuta bado mnashuka mlima pamoja.

Hukumu: ana hatia, lakini jina hilo hilo ndilo lililozuia kodi isipande. Apewe nishani.

1. Uzio

Nafasi ya kwanza, na najua hapa mtanipinga. Faida kubwa kuliko zote za Luzira ndiyo hasara yake kubwa.

Miti hii haikuokolewa na mpenda miti. Iliokolewa na uzio. Ardhi ya gereza haijengwi. Viwanja vya Butabika, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1955, vilipewa nafasi ya kutosha na vikabaki na kivuli chake. Kinamasi kilimeza msingi wa kila aliyejaribu mapema. Pale ambapo hakuna mtu anayetaka jirani, mti unapata miaka 60 ya kukua bila kuulizwa hati. Kololo ilikuwa na mpango mzuri wa msanifu mwenye jina duniani, na mpango ukaliwa na bei ya kiwanja. Luzira haikuwa na mpango kama huo. Ilikuwa na majirani wasiotakiwa.

Ndiyo maana roho inanipasuka kila wazo la kuhamisha gereza linapoibuka tena, kwamba ardhi hii ya ufukweni ni tamu mno kwa wafungwa, iende kwa mahoteli. Kitalya, kule Wakiso, tayari kuna gereza jipya. Upande wa Kinawataka kinamasi kimeshaingiwa na maghala na viwanda, lori kwa lori la udongo. Siku lango la gereza litakapofunguliwa kwa wawekezaji, msumeno ndio utakaoingia wa kwanza, na jina letu litasafishwa vizuri sana, na wewe hutaweza kupanga hata boizi kota.

Hukumu: gereza la Luzira limepewa kifungo cha maisha, kitumikiwe Luzira.

Asiyeridhika na mpangilio huu ana haki ya kukata rufaa. Aje mwenyewe kuutazama mtaa, kwa hiari yake, bila kusindikizwa, na asiegeshe chini ya mfenesi.