Biki Yangu Iko Uvira

Kidau cha wino cha shuleni hakikuibiwa, na hilo lieleweke kwanza. Kilikuwa kimezamishwa ndani ya tundu la dawati, na aliyekitamani angelazimika kuondoka na dawati zima pamoja na sisi watatu tuliolikalia. Fundi aliyechonga dawati lile aliwajua binadamu.

Mimi ni karani wa stoo katika Zone Industrielle ya Bujumbura. Mtaa huu una kila kitu. Brarudi ilianza mwaka 1955, mji ukiitwa bado Usumbura, na leo bia inatoka, sabuni inatoka, ila sijaona mahali panapotoka kalamu. Ndiyo maana kamyo huingia getini na dereva, tandiboi, jeki na turubai mbili, na hakuna hata mmoja mwenye cha kuandikia.

“Mzee, nisaidie biki nisaini bodero.”

Namsaidia. Anasaini hati hiyo ya mzigo, anaichomeka biki juu ya sikio, anawasha gari. Wanasema biki moja ina wino wa kuandika kilomita mbili na ushee. Yangu haijamaliza hata mita kumi za wino na tayari iko Uvira. Nyingine ziko Rumonge, na naamini ipo moja Kigoma inayoendelea vizuri. Niliwahi kufunga moja kwa kamba kwenye mguu wa meza, kama mbuzi wa Idi. Wakachomoa mrija wa ndani, wakaniachia ganda na kamba.

Sisi tulioanza shule miaka ya sitini tulipewa kalamu kwa vyeo. Mwaka wa kwanza ulikuwa na kibao cha jiwe na kijiti chake cha kuandikia, kilicholia mpaka meno yakafa ganzi. Kufutia kulikuwa na kitambaa chenye maji, kwa mujibu wa mwalimu. Sisi tulitumia mate na kiwiko. Kibao kilikuwa na huruma yake: makosa yako yalikufa siku hiyo hiyo, baba hakuyaona. Ndipo ikaja penseli. Halafu, ukishaonekana una akili timamu, ukakabidhiwa nibu.

Nibu ilikuwa na masharti kuliko mkwe. Ukishuka, kandamiza, mstari unenepe. Ukipanda, legeza, ukonde. Ukikandamiza wakati wa kupanda, midomo yake miwili ilipanuka ikatema wino kwenye daftari, kwenye kaptula ya kaki, na kwenye daftari la jirani, ambaye sasa alikuwa adui yako. Wino wenyewe ulikuwa unga, unakorogwa na maji kwenye chupa, na aliyeteuliwa kuukoroga alitembea na vidole vya buluu mtaa mzima ili tumwone. Mama zetu wa mtaa wa Buyenzi walisugua kaki kwa limau na chumvi. Doa halikutoka, lilibadilika rangi tu.

Jumamosi ilikuwa diktee. Kila kosa lilikuwa na bei yake, ikikatwa kutoka alama ulizokuwa nazo, na zikiisha mwalimu hakusimama hapo. Jirani yangu alimaliza muhula akiwa na deni.

Wenzangu wa rika hili wakikaa barazani husema shule ile ilikuwa tamu. Wamesahau fimbo. Mimi sijaisahau, na nikiona rula ya mbao mpaka leo vidole vinajikunja vyenyewe. Lakini mkono ulifundishika, hilo siwezi kulikana. Hata mvivu wa darasa aliandika jina lake likasomeka na mtu asiyemjua.

Halafu ikaja biki. Mhungaria László Bíró aliona wino wa magazeti unakauka upesi, akaweka kigololi kwenye ncha ya kalamu, akaiwekea hataza mwaka 1938. Mwaka 1950 Marcel Bich akaanza kuiuza Ufaransa kwa bei ya bure, akalikata jina lake herufi ya mwisho ili lienee kwenye kalamu, au ndivyo ninavyopenda kuamini. Walimu wa kule waliipinga wakisema itaharibu mwandiko. Haikuruhusiwa rasmi shuleni hadi 1965. Walikuwa na haki. Njoo usome bodero zangu.

Sasa patroni amechoka kununua kalamu. Ameleta tableti. Dereva anasaini kwa kidole kwenye kioo, kidole kile kile kilichotoka kukagua oili. Juzi mmoja alichora kilima na mkia. Nikamwambia arudie, akanitazama kwa huruma: “Papa, hilo ni jina la babu yangu.”

Kalamu pekee iliyonibakia ni biki nyekundu. Haiibwi, kwa sababu bodero haisainiwi kwa nyekundu. Nimebandika ukurasa wa daftari ukutani, nimepiga mstari wa pambizo kwa rula, na kila saini inayoingia kwenye tableti naipa alama juu ya kumi. Kilima na mkia kilipata mbili, moja ikiwa ya mkia. Dereva wa Rumonge ana saba na anawasomea wenzake kila akipakia. Wa Uvira amepata tatu, amekata rufaa kwa patroni, na jana nimemkuta chini ya mwembe getini akijizoeza kwa kijiti mchangani, ulimi nje.

Nimemwambia akipanda, alegeze.