Sifa za Mchujo

Katika mambo yanayowakosesha usingizi vijana wa Mbeya, sijaona linalolaaniwa kama usaili wa mchujo wa ajira za serikali, yaani ule mtihani wa kwanza wa kuandika. Ukosefu wa kazi unalalamikiwa, lakini mchujo unalaaniwa kwa jina lake. Tangazo la kuitwa linatoka Ijumaa jioni, usaili wenyewe uko siku chache mbele, na chini ya tangazo yapo yale masharti ambayo kila mwenye cheti amekwisha kuyakariri: njoo na kitambulisho, njoo na vyeti halisi kuanzia kidato cha nne, jigharamie chakula, usafiri na malazi. Ambaye jina lake halikuonekana atambue kwamba hakukidhi vigezo, na asisite kuomba tena. Naishi Forest, hapa Mbeya, na kila msimu wa usaili nawaona wasailiwa wakipita alfajiri na bahasha za kaki mkononi, koti juu ya shati la pasi, wakisemeshana kwa sauti ya chini. Nimewasikia wanavyousema. Mimi nataka kuusifu mchujo huo, na kila sifa nitakayoitaja naiamini.

Naanza na namba. Matokeo ya mchujo yanapotoka kwa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kinachoonekana ni namba ya usaili, alama, na neno la kukuambia kama umechaguliwa au hukuchaguliwa. Jina halimo. Asiyetoka huku kwetu anaweza asione ukubwa wa jambo hilo. Nyanda za Juu Kusini jina ni ramani. Jina likianza na Mwa-, msikilizaji ameshakuweka Rungwe, Kyela, Ileje au huku Usafwani. Ukijiita Sanga, ameshakupeleka Makete, na pengine ameshakadiria kama unasali kwa Walutheri au kwa Wamoravian. Kabla hujafungua kinywa kueleza unachokijua, umeshajulikana unakotoka na ni nani wa kwenu aliye ofisini. Karatasi ya mchujo haina habari hizo. Mtoto wa mchuuzi wa ndizi pale Mwanjelwa na mtoto wa katibu tawala wote wanakuwa tarakimu, na msahihishaji anabaki na kitu kimoja cha kukipima, yaani jibu.

Wachina waliliona hili mapema kuliko wote. Mitihani yao ya kuwapata watumishi wa dola ilidumu takriban miaka 1,300, mpaka ilipofutwa mwaka 1905, na katika enzi ya Song walifika mbali kiasi cha kufunika jina la mtahiniwa, kisha karani akanakili upya karatasi nzima ili msahihishaji asiutambue hata mwandiko. Waingereza walichelewa sana. Ripoti ya Northcote na Trevelyan ya mwaka 1854 ndiyo iliyosema waziwazi kwamba kazi za serikali zilikuwa zikigawiwa kwa kujuana, ikapendekeza mtihani wa ushindani, na ikachukua miaka mingine 16 kabla ushindani huo haujawa kanuni katika idara nyingi. Kote huko wenye ndugu serikalini waliuona mtihani kuwa usumbufu mkubwa. Walikuwa sahihi, kwa sababu uliwasumbua wao kwanza.

Sisi wenyewe tuna kumbukumbu ya karibu. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70, na waombaji zaidi ya 10,000 wakakusanywa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Picha za vijana waliojaa majukwaani zilizunguka dunia, na wengi walizitazama kama picha za aibu. Mimi kilichoniumiza zaidi kilifuata muda mfupi baadaye. Ajira nyingine za idara hiyohiyo, nafasi 200 za konstebo na koplo, zilisimamishwa na wizara kufuatia malalamiko kwamba orodha ya waliochaguliwa ilikuwa na jamaa wa watu wa ndani. Nikiwekewa mezani uwanja uliojaa wasailiwa wanaotoka jasho na orodha fupi iliyoandaliwa kimyakimya ofisini, nachagua uwanja. Uwanjani kuna adha, lakini kila aliyekaa pale alikuwa na sehemu yake.

Na adha yenyewe haipungui. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilikuwa na nafasi 1,596 na waombaji zaidi ya 135,000, yaani kila nafasi iligombewa na watu zaidi ya 80. Usaili wa walimu wa msimu huohuo ulikuwa na nafasi 14,648 na waombaji zaidi ya 200,000. Mbele ya hesabu kama hizo najua njia tatu tu za kumpata mmoja: kura, simu, au karatasi. Kura haijali nani alisoma. Simu inamjali aliye na namba ya kupiga. Karatasi ndiyo peke yake inayomwambia kijana wa Itezi au wa Ipogolo kwamba kile atakachofanya usiku wa leo kinaweza kubadilisha kitu kesho kutwa.

Hapa ndipo ilipo sifa ninayoipenda kuliko zote, nayo haihusu waliochaguliwa. Nenda Mbeya kipindi cha mchujo, hasa kuanzia Juni mpaka Agosti baridi inapokuwa kali, uwaone wanavyopiga msuli. Wanakaa watano au sita kwenye chumba kimoja cha kupanga Soweto au Ilemi, jiko la mkaa limewekwa nje ya mlango ili wasidhurike na moshi, chai ya rangi ndani ya chupa, na katikati yao madesa yaliyochakaa kwa kunakiliwa mara nyingi. Mmoja anauliza, wengine wanajibu. Wanaosomea nafasi ya Mtendaji wa Kijiji wanakwenda na Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Na. 7 ya mwaka 1982. Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe wangapi? Wasiopungua 15, wasiozidi 25. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa nani? Wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Ukutane mara ngapi? Angalau mara moja kila miezi mitatu. Nani katibu? Wakimaliza hapo wanahamia Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, wanabishana kuhusu hakimiliki ya kimila mpaka mwenye nyumba anagonga ukuta.

Wengi wao hawatapata kazi ile. Hesabu hairuhusu. Lakini kitu walichokisoma hakirudishwi kwa Sekretarieti pamoja na karatasi ya majibu. Kinapanda nao basi dogo la Tukuyu, la Mbalizi, la Chimala, kinafika nyumbani, na kinakaa kwenye mkutano wa kijiji. Nimehudhuria mkutano wa namna hiyo, katika kijiji ambacho taarifa ya mapato na matumizi ilikuwa haijasomwa kwa muda mrefu. Wazee walikuwa wananung'unika kwa Kinyakyusa, kwa adabu, kama walivyozoea. Kijana mmoja ambaye mchujo ulikuwa umemwacha akanyoosha mkono, akamwamkia mwenyekiti, akasema, “Shikamoo baba. Naomba kuuliza: mkutano wa robo mwaka iliyopita ulifanyika lini, na muhtasari wake uko wapi?” Hakupandisha sauti. Mwenyekiti akamtazama mtendaji, mtendaji akatazama daftari. Kabla ya mkutano kuvunjika tarehe ya kusoma mapato na matumizi ilikuwa imepangwa.

Sijui semina ya utawala bora inayoweza kufanya kazi hiyo kwa upana huo. Mradi unaokuja na posho na fulana unafundisha watu 40 ukumbini na kuondoka. Mchujo unawafanya maelfu wasome sheria za nchi yao kwa hiari, kwa bidii ya mtu anayetafuta mkate, na wajifunze hasa vile vifungu ambavyo mwenye madaraka mdogo angependa vibaki kabatini. Msichana anayeuza kwenye duka la simu Kabwe, aliyesoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kwa ajili ya usaili wa afisa utumishi, anajua kwamba likizo ya uzazi ni siku 84, na 100 akijifungua mapacha. Tajiri yake hawezi tena kumwambia kwamba likizo ni huruma. Huyo hakuitwa kazini na wala hayumo kwenye kanzidata ya waliofaulu wanaosubiri nafasi, lakini tayari analindwa na kile alichokisoma.

Kuhusu vyeti halisi, ambavyo vinalaaniwa pengine kuliko maswali yenyewe, nitasema kwa ufupi. Ni kweli inachosha kufuatilia cheti cha kuzaliwa kwa sababu herufi moja ya jina la ukoo imekosewa, halafu kwenda kwa wakili kutafuta hati ya kiapo. Lakini Aprili 2017, ripoti ya uhakiki wa vyeti ilipokabidhiwa kwa Rais Magufuli pale Chuo Kikuu cha Dodoma, watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Kila mmoja wao alikuwa amekalia kiti cha mtu aliyesoma kwa haki. Nikimwona binti kasimama kwenye foleni ya ukaguzi ameikumbatia bahasha yake, namwonea huruma kwa miguu inayomuuma, lakini ningependa foleni hiyo iendelee kuwapo.

Gharama ni jambo zito, na katika hilo siungi mkono wanaosema aliye na nia atafika tu. Kulikuwa na wakati kijana wa Mbeya akiitwa alipaswa kusafiri mpaka Dodoma, au Dar es Salaam kilomita zaidi ya 800, akalale gesti au kwa shangazi wa rafiki yake, aandike saa mbili, kisha arudi. Wapo waliouza mahindi ya chakula, wapo waliokopa vikoba, na wapo waliobaki nyumbani ilhali wana uwezo wa kuwashinda waliofika. Mchujo wa namna hiyo ulichuja mifuko kabla ya kuchuja vichwa. Kusogeza usaili mikoani, na siku hizi kutumia kompyuta katika vituo vilivyo karibu na msailiwa, ni marekebisho yaliyoupa mchujo haki ya kusifiwa. Mzazi wa Mbozi sasa anamsindikiza mwanawe asubuhi na kumpokea jioni. Yabaki hivyo, na yashuke mpaka wilayani.

Walimu waliohitimu zamani wana hoja nyingine, nayo naiheshimu. Mtu aliyemaliza chuo miaka mingi iliyopita, amejitolea katika shule ya kata bila mshahara, amefundisha mpaka wanafunzi wake wa kwanza wamefika chuo kikuu, anaketi leo chumba kimoja na aliyehitimu juzi na kuulizwa nadharia za ujifunzaji. Wengi wamesema hadharani kwamba hilo ni kuwadharau. Naelewa maumivu yao, na naamini miaka ya kujitolea ingepaswa kuwekewa alama zake zinazojulikana kabla ya usaili. Lakini ukiwauliza wangependa waajiriwe kwa utaratibu gani badala yake, wengi wanarudi kwenye orodha, na orodha huandikwa na mtu, na mtu huyo ana ndugu. Mwalimu wa miaka kumi asiyemjua yeyote wizarani ndiye wa kwanza kuhitaji karatasi isiyo na jina.

Sifa zangu zinaishia mlango wa chumba cha mahojiano. Baada ya mchujo, na vitendo kwa kada zinazohitaji vitendo, msailiwa huitwa kukaa mbele ya jopo, na hapo uso unaonekana, lafudhi inasikika, jina linasomwa. Jopo lina watu waadilifu, sina shaka, na zipo kazi ambazo lazima umsikie mtu akizungumza kabla ya kumkabidhi. Hata hivyo kile kilichofichwa kwa makusudi kwenye karatasi kinafunuliwa chote kwa mara moja, na alama za dakika chache zinaweza kumfuta aliyeongoza mchujo wa maelfu. Ningependa alama za karatasi ziandamane na msailiwa mpaka mwisho na ziwe na uzito mkubwa kuliko za mdomo, isipokuwa kwa kazi ambazo mdomo ndio nyenzo yake. Na anayeachwa arudishiwe karatasi yake ikiwa na alama za kila swali, ili tangazo jingine likitoka ajue ni sura ipi ya sheria ipi aanze nayo.