Jiko la Shangazi

Shangazi aliposhuka kwenye basi Njombe, mwezi wa saba, amevaa dera na ndala, utingo alimwuliza kama kweli amefika anakokwenda. Mtu wa Tanga, aliyezoea kulala na feni, kaja mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, msimu ambao sakitu huunguza viazi shambani. Siku hiyohiyo koti langu likawa lake. Soksi za mke wangu zikafuata, kisha kofia ya sufu ya binti yetu, ile yenye masikio ya sungura.

Usiku akaingiza jiko la mkaa katika chumba alimolala na watoto. Akasokota khanga akaziba upenyo wa chini ya mlango, dirishani akabana blanketi.

"Shangazi, hilo jiko tulitoe," mke wangu akasema.

"Lina moshi?"

"Halina, ila..."

"Basi. Makaa yameshakolea. Mimi napikia mkaa tangu mumeo hajaota meno."

Na mke gani atabishana na shangazi wa mume?

Moshi ni adui muungwana: unakuwasha macho, unakukohoza, unakutimua. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na makaa mekundu yasiyofuka hata kidogo huitoa kwa wingi. Ikishaingia mwilini hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anavuta pumzi vizuri kabisa, huku anakosa hewa.

Aliyetuokoa ni kikojozi. Mwanangu wa mwisho, ambaye godoro lake huanikwa uani mtaa mzima ukiona, usiku ule alimlowesha Shangazi mgongo wote. Shangazi akainuka amgombeze, miguu ikakataa. Akaanguka na beseni la vyombo, nyumba nzima ikaamka. Isipokuwa binti yangu.

Tuliwaburuta hadi nje. Shangazi akatapika chini ya mparachichi. Mvulana analia kichwa. Binti kalegea mikononi mwangu, shingo haishiki kichwa. Nikamwita, nikampiga makofi ya mashavuni. Kimya. Mke wangu akachota maji kwenye pipa, maji ya Njombe ya usiku wa manane, akammwagia usoni. Mtoto akavuta pumzi kwa nguvu, akakohoa, akafumbua macho, akamwona Shangazi pale chini ya mti.

"Kofia yangu," akasema.

Jirani akaja na jagi la maziwa, ambayo mtaani kwetu ni dawa ya sumu zote. Hospitalini daktari akalisogeza pembeni: maziwa yanakwenda tumboni, sumu hii imo kwenye damu. Akawavisha barakoa za oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, alisema, sumu hupungua nusu kwa saa 4 au 5. Kwa oksijeni ni kama saa moja na kitu. Shangazi kila mara anaivua barakoa yake kuuliza kama jiko limezimwa, mkaa wenyewe ghali.

Kulipokucha alipiga simu Tanga.

"Mimi nilishtuka mapema, mwanangu. Nikahisi ubaridi mgongoni, kama ishara hivi, nikasema moyoni, hapa pana jambo..."

Kikojozi akamvuta mkono wa koti langu.

"Bibi, ni mimi nilikukojolea."

"Hebu nyamaza, naongea na watu."