Mikondo ya Panga Ngujini: Jaribio la Uainishaji

Wasomi wa silaha zenye makali walishakubaliana zamani kwamba sanaa ya upanga ilifikia kilele chake Japani, na ushahidi wao si haba. Kuna shule ya Katori, iliyoasisiwa karne ya 15 na Iizasa Ienao, ambayo mpaka leo ina walimu na wanafunzi. Kuna Miyamoto Musashi, aliyejitenga pangoni karibu na Kumamoto akaandika kitabu cha Gorin no Sho, akakikamilisha mwaka 1645 na kufa mwaka huohuo. Kuna Yagyu Munenori, mwalimu wa upanga wa watawala wa ukoo wa Tokugawa, aliyefundisha kwamba upanga uleule unaoua unaweza pia kuhuisha. Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja kati ya wasomi hao aliyepanda Ngujini, Wilaya ya Mwanga, asubuhi ya siku ya kukata mkungu. Pengo hilo la kitaaluma ndilo makala haya yanakusudia kuliziba, hata ikibidi kwa udongo.

Tuanze na chuma, maana bila chuma falsafa ni maneno matupu. Mafundi wa Japani walipata chuma cha upanga kwa kuyeyusha mchanga mweusi katika tanuru ya udongo iitwayo tatara, kwa makaa ya miti, siku tatu usiku na mchana. Upare Kaskazini, iliko Ngujini, nako mchanga mweusi ulichotwa kwenye vijito, ukaoshwa, ukayeyushwa kwa makaa na mivukuto. Ustadi huo ulikuwa wa ukoo wa Washana, ambao kwa mapokeo aliyoyakusanya Isaria Kimambo katika kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare (1969), ndio waliotawala Ugweno kabla Wasuya walioongozwa na Angovi hawajawang'oa. Wachaga, pamoja na ukubwa wa mlima wao, walitegemea chuma cha Upareni. Siku hizi panga linatoka dukani, chapa ya mamba kwa mwenye uwezo na chapa isiyosomeka kwa sisi wengine. Nasaba ya chuma imekatika. Ya mkono haijakatika.

Kabla ya kufika kwenye mikondo, lazima tutatue suala la madaraja. Kendo, mchezo wa upanga wa Kijapani, ina dani, kuanzia ya kwanza mpaka ya nane, na mtihani wa hiyo ya nane unajulikana kwa kuwaangusha karibu wote wanaoufanya. Ngujini hakuna mtihani. Daraja la mtu husomwa kwenye upana wa panga lake. Panga jipya ni pana kama ubao wa kukatia mboga, na anayelibeba, hata akiwa na mvi, ni mwanafunzi. La mzee limeliwa na tupa mpaka tumbo limeingia ndani. Ncha imechongoka, na jina la kiwanda limebaki herufi mbili. Mpini wa kiwandani ulishasahaulika. Uliopo ni wa mti, umezungushiwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, umelainika kwa jasho mpaka unang'aa. Huko Japani upanga uliosuguliwa mara nyingi huhesabiwa kuwa umechoka: chuma laini cha ndani huanza kuchungulia na bei hushuka. Ngujini panga likichoka ndipo mwenyewe anapoheshimika. Katika hili nadhani Ngujini wana haki.

Mkondo ulio mama wa mingine yote ni wa Mgombani. Mgeni hudhani kuukata mgomba ni kuupiga. Atapiga, mgomba utaanguka kwa kishindo, ndizi zitapondeka, na mwenye shamba atamwita "mwanangu" kwa upole unaotisha. Mjuzi hulikata shina nusu tu, juu kidogo ya kifua, akayaacha maganda ya upande wa pili yakishikilia. Kisha anangoja. Mgomba hauanguki, unainama taratibu kwa uzito wa mkungu wake wenyewe, kama mtu anayeketi, mpaka mkungu unamfikia msaidizi aliyekwisha kuweka bega. Hapo ndipo panga linapopita mara ya pili, kwenye kikonyo, mara moja bila kurudia. Shina nalo linamalizwa na kukatwakatwa kwa ajili ya ng'ombe wa bandani. Mwishowe panga linafutwa pande zote mbili kwa jani kavu.

Msomaji anayeijua iaido atakuwa ameshashtuka. Sanaa hiyo ya kuchomoa upanga, ambayo shirikisho la kendo la Japani limeipangia mifuatano 12 ya kawaida, ina hatua zilezile: kuchomoa, kukata, kukung'uta damu, kurudisha alani. Tofauti ni kwamba huko damu ni ya kuwaza tu, ilhali Ngujini utomvu ni wa kweli, na shati lililoingia utomvu wa mgomba halitarudi kuwa la Ijumaa wala la Jumapili. Tena, wanaojaribu makali Japani hutumia mkeka ulioviringishwa na kulowekwa majini, kwa kuwa kitu chenye tabaka na maji ndicho kinachofichua kasoro ya mkono. Mgomba ni mkeka uliojiviringisha na kujiloweka wenyewe, hauna gharama, na baada ya mtihani ng'ombe anakula karatasi ya majibu. Kuhusu ile nidhamu ya kutolegea baada ya pigo, wenzetu wanaifundisha kwa miaka. Huku inafundishwa kwa siku moja na nyoka aliyelala kwenye majani makavu.

Mkondo wa Kuni umepuuzwa na watafiti kwa sababu wenye mkondo huo hawana muda wa kuhojiwa. Ni wa kina mama. Wanatumia panga fupi au mundu, mkono mmoja umeshika tawi na mwingine unakata, na makali hupita karibu na vidole kiasi cha kumfanya mtazamaji afumbe macho. Japani nako wanawake wa nyumba za samurai walikuwa na silaha yao, naginata, wembe mrefu kwenye mpini mrefu, na vitabu vimewapa kurasa chache vilevile. Musashi alijivunia mapambano zaidi ya 60 bila kushindwa. Kwa idadi ya mapigo, mama wa Ngujini anaipita hesabu hiyo kwenye tita moja, na bado hajapika.

Mkondo wa Filamu tuutaje kwa heshima ya ukamilifu. Wafuasi wake ni vijana waliolelewa na kanda za manija zilizotafsiriwa na Lufufu. Hushika panga kwa mikono miwili, hupiga kelele kabla ya kukata, na hutumwa kuchota maji.

Msaragambo si mkondo. Ni mahali mikondo yote inapokutanishwa ili iaibishane. Watu huitwa, hujipanga kwenye mfereji unaopeleka maji kwenye ndiva, yaani bwawa la kijiji, na kufyeka magugu ya kingo. Elimu kuu hapa ni ya umbali. Wajapani wameiandikia sana, wakisema nafasi kati ya watu wawili ndiyo inayoamua pambano. Kipimo cha Ngujini ni urefu wa mkono, urefu wa panga, na nyongeza kidogo kwa ajili ya jirani anayependa kusimulia huku akikata. Nyongeza hiyo hubadilika kulingana na jirani.

Nimeuacha nyuma kwa makusudi Mkondo wa Mpaka, maana ndiko falsafa iliko. Wanaume wawili wanakutana penye masale yanayotenganisha mashamba yao. Kila mmoja ana panga kwa kuwa kila mmoja katoka shambani, si kwa sababu nyingine. Angalia linavyoshikwa: ncha chini, makali nyuma, ubapa umelala kwenye paja. Babu anatajwa, na babu wa babu, na mwaka ule mvua ilipohamisha jiwe. Sauti zinapanda. Panga halipandi. Anayeliinua, hata kidole kimoja, ameshindwa kesi kabla haijafunguliwa, na mashahidi walioko nyuma ya migomba wanalijua hilo kuliko hakimu. Ukanda wetu umeona panga likitumiwa kwa uovu usiosahaulika, Rwanda mwaka 1994, kwa hiyo hapa naweka mzaha kando: kuteremsha ncha ni elimu, na kuna mtu aliyeifundisha.

Wataalamu wa iaido husema ushindi mkubwa ni ule unaopatikana upanga ukiwa bado alani. Mpare hana ala, ana baraza. Watani wake wanadai yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na yeye hakanushi; anauliza tu kuku alikuwa wa nani. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, baraza la kata linapatanisha badala ya kuhukumu, jambo ambalo wakongwe wa mkondo huu wanaliona kama kupewa fimbo ya mianzi ya mazoezi baada ya kuzoea chuma.

Ushahidi mkubwa wa mkondo huu uko kwenye kumbukumbu za nchi. Wakoloni walipoleta kodi ya kupanda kwa kadiri ya mali, ile iliyoitwa mbiru, Wapare kwa maelfu walishuka Same mwaka 1945 wakakaa kwenye makao ya wilaya, wakikataa kodi hiyo bila kumpiga mtu. Mgogoro ulidumu mpaka 1947, kodi hiyo ikaondolewa. Na wanawake wa Usangi, waume wakiwa wangali kwenye mgomo, walimtaka ofisa wa wilaya aumalize ugomvi ili wanaume warudi nyumbani, la sivyo azichukue yeye kazi za waume zao, pamoja na ile ya kuwapa mimba. Katika fasihi yote ya Japani niliyoisoma sijakuta pigo lililo safi kama hilo.

Kwa nini basi Musashi ana kitabu na Ngujini haina? Jibu langu ni la kiuchumi. Ukoo wa Tokugawa ulipoituliza nchi kuanzia 1603, maelfu ya samurai walibaki na upanga kiunoni bila wa kumkata. Ndipo mafundisho ya upanga na roho yalipostawi, na mwaka 1876 serikali ilipopiga marufuku kutembea na upanga, mafundisho tayari yalikuwa kabatini yakisubiri wasomaji wa kigeni. Falsafa ya upanga ni kazi ya watu ambao upanga wao umekosa ajira. Panga la Ngujini lina zamu saa kumi na mbili asubuhi. Likistaafu, vitabu vitafuata, na mashine za kufyekea zinazotumia petroli zimeshaanza kusikika huko chini tambarare.

Limebaki suala la kiapo. Shule ya Katori humwapisha mwanafunzi kwa damu yake mwenyewe kabla ya kumfundisha. Huku kiapo kimo katika kuazima: panga lirudishwe jua halijazama, limenolewa, likitangulizwa mpini. Aliyelirudisha na pengo husema lilikuwa nalo. Mwenyewe hujibu kwamba pengo lake lilikuwa huku karibu na mpini, si kule. Wazee wanaitwa, dengelua, pombe ya miwa, inatafutwa, na utafiti huu umesimama kwa sasa kwa kuwa wahojiwa wake wote wameitwa kutoa ushahidi, wengine pande zote mbili.