Bingwa wa Barafu Apewa Maiki

Mheshimiwa mgeni rasmi, meza kuu, itifaki imezingatiwa. MC, umenitambulisha kwa sentensi mbili wakati wasifu niliokukabidhi una kurasa tisa. Nakusamehe. Nitausoma mwenyewe tukifika katikati.

Mada yangu ni Kisiwa cha Wrangel. Kipo Aktiki, kaskazini ya Siberia, latitudo ya nyuzi 71, na longitudo ya nyuzi 180 inakikata. Mimi ndiye bingwa wake, kama linavyoshuhudia koti hili. Ni sufu halisi. Naomba feni ielekezwe huku.

Tuanze na jina. Ferdinand von Wrangel, mwanamaji wa Urusi, alihangaika kukitafuta kati ya 1820 na 1824. Wachukchi, wenyeji wa pwani ya Siberia, walimwambia kuwa siku anga ikitakata, milima yake huonekana. Akazunguka juu ya barafu kwa sleji za mbwa, asikione. Mwaka 1867 nahodha Mmarekani wa meli ya kuwinda nyangumi, Thomas Long, akapita, akakiona, akakiita Wrangel. Mmeona? Wachukchi walijua kilipo, Long akakiona, jina akapewa ambaye hakukitia machoni. Huo ndio utaalamu! Kwa hiyo kijana aliyeniuliza mlangoni kama nimewahi kufika Wrangel, namjibu hadharani: hilo ni swali la kishamba.

Habari ndogondogo zipo. Mamothi, wale tembo wa manyoya, waliishi pale hadi miaka kama 4,000 iliyopita, wakati piramidi za Giza zimeshasimama. Makala yangu kuhusu jambo hili wahariri wote wameogopa kuichapa. UNESCO ilikitia kisiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2004. Hawakunishirikisha.

Sasa shujaa wangu, Vilhjalmur Stefansson. Mwaka 1913 meli ya msafara wake, Karluk, ilinaswa na barafu. Yeye akashuka, akasema anakwenda kuwinda. Barafu ikaichukua meli, ikazama Januari 1914, na waliokuwamo wakalazimika kutembea juu ya barafu kuelekea Wrangel. Watu 11 walikufa. Stefansson hakupata hata mkwaruzo, na huo ndio upeo wa kiongozi. Mwaka 1921 akatoa kitabu kueleza kuwa Aktiki ni mwenyeji mkarimu, na mwaka huohuo akapeleka vijana wanne Wrangel wakakitwae kwa jina la Uingereza. Mwenyewe hakwenda. Alikuwa na mihadhara. Namwelewa kabisa.

Kwa kukamilisha rekodi tu, nataja kwamba walifuatana na mshona nguo, Ada Blackjack, Muinupiati wa Alaska, aliyekwenda kwa sababu isiyo ya kisayansi: alihitaji fedha za kumtibu mwanawe. Palikuwa na paka pia. Mwaka 1922 meli ya kuwapelekea mahitaji ilizuiwa na barafu. Januari 1923 vijana watatu wakashika njia ya Siberia kutafuta msaada, hawakuonekana tena. Wa nne, Lorne Knight, aliuguzwa na mshonaji hadi kiseyeye kilipomuua mwezi Juni. Mshonaji, mtu asiye na cheti chochote cha Aktiki na anayewaogopa dubu kuliko kitu chochote, akajifunza kutega mbweha, akajifunza bunduki, akajenga jukwaa la kumwonyesha dubu akiwa bado mbali. Meli ikamkuta Agosti 1923. Yote haya angeyapata kitabuni bila kujisumbua.

Swali? Ndiyo, binti wa pale nyuma. Katika kundi hilo la 1921 nani alitoka mzima? Mwanangu, mada hapa ni wataalamu, tusitoke nje ya... Sawa, sawa, andika.

Mshonaji. Na paka.

Mwenye kugawa bahasha ajitokeze, tafadhali, nina mhadhara mwingine saa kumi.