Nitafuteni kwa Miguu

Dar es Salaam mtu anaweza kuacha pombe, nyama, hata Simba na Yanga, na bado watu wakamwamkia vizuri. Azime simu siku mbili tu, wataanza kuulizana anadaiwa na nani.

Mimi nilitaka kupumzika. Nilikuwa nimefika mahali friji ikinguruma nashtuka, nikidhani simu inatetemeka mezani. Mama Neema alikuwa Korogwe kwa mama yake, nikampigia kumwarifu kwamba mwishoni mwa wiki sitakuwa hewani. Akasema "sawa", ile sawa ya mtu anayesikiliza mambo mengine. Nikaizima, nikaifungia kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Kwenye makundi ya WhatsApp sikuaga. Ukiaga, mmoja anakuuliza unakwenda wapi, unamjibu, anaibuka mwingine ambaye hakusoma jibu, na usiku wa manane unakukuta bado unaaga.

Jumamosi ilianza vizuri. Nilikunywa chai ingali ya moto. Kisha nikaenda gengeni na noti ya elfu kumi kununua nyanya na vitunguu. Dada wa genge akaitazama ile noti kama nimemletea kesi.

"Chenji sina, kaka. Nitumie tu."

Nikamwambia simu sina.

"Maskini! Wamekuibia wapi?"

Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia kwetu mwaka uliofuata, noti imekuwa mzigo wa kumtafutia mwenzako shida. Niliondoka na nyanya za mkopo, mtu mzima mwenye elfu kumi mkononi, na jina langu likaandikwa ubavuni mwa boksi, chini ya la fundi rangi ambaye mtaa mzima unamjua kwa kutolipa.

Usiku LUKU ikaisha. Siku nyingine ningenunua umeme nikiwa kitandani. Sasa ikabidi nivae viatu hadi dukani kwa Mangi, akaninunulia kwa simu yake na kuniandikia tarakimu 20 juu ya kipande cha pakiti ya sigara. Mangi ni mwepesi wa hesabu, lakini moja yake na saba yake ni mapacha. Nilisimama mbele ya mita na mshumaa, nikajaribu moja, mita ikakataa. Nikajaribu saba, ikakataa. Kumbe palikuwa na nyingine mbele. Niliporudi kuuliza, duka limefungwa. Kumpigia, haya, nimpigie na nini?

Gizani nikaikumbuka Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Siku zile ujumbe haukufika na hakuna aliyenuniwa. Hata waliokuwa na sababu zao za kutojibu walilaumu bahari, nayo haikukanusha. Kunyamaza wote kwa pamoja ni ajali. Kunyamaza peke yako ni tabia.

Jumapili asubuhi nikasikia hodi. Mlangoni amesimama shemeji, na mfuko wa machungwa. Nyuma yake mweka hazina wa kamati ya harusi ya mpwa wangu, na daftari. Nyuma ya mweka hazina, jirani ambaye hakualikwa na mtu.

"Shemeji! Unatembea?"

Nikawaketisha, nikaelezwa. Mweka hazina alinipigia Jumamosi kunikumbusha ahadi yangu ya laki moja. Sipatikani. Akampigia Mama Neema, naye akanipigia, akakuta kweli sipatikani, akasahau kabisa ile sawa yake. Akamwambia dada yake kwamba ana wasiwasi. Dada akamwambia shangazi kwamba sijisikii vizuri. Ilipofika isha nilikuwa nimelazwa, na kundi limefunguliwa la kunichangia matibabu. Watu wametuma. Hata fundi rangi ametuma elfu mbili.

Nikasema basi warudishiwe. Mweka hazina akavua miwani.

"Kurudisha kuna makato, mzee wangu. Mtu mmoja mmoja. Nani atayabeba?"

Kimya kikapita, jirani akajimenyea chungwa. Mweka hazina akafungua daftari, akapiga hesabu kwa kalamu, akatangaza kwamba za matibabu zimefika elfu themanini na tano, kwa hiyo zikihamishiwa harusini, ahadi yangu inabaki elfu kumi na tano tu. Shemeji akaona ni jambo la heri. Mimi ningepinga, lakini kwa laki moja hoja zangu zilikuwa chache.

Ila mweka hazina akaomba niwashe simu, nitume hiyo iliyobaki, kisha niandike kwenye kundi maneno mawili ya shukrani, ya mtu anayeendelea kupata nafuu.

"Na picha," akasema shemeji, akivuta pazia. "Lala hapo kwenye kochi. Usicheke."